Koti la Boi

Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana mwenye sauti nzuri na karatasi fupi. Alisema Elia alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto na wajukuu, na kwamba "aliwahi pia kuwa dereva wa hoteli moja ya Wazungu huko Lushoto." Kisha akahamia kwenye ugonjwa. Kanisa la Mgwashi lilikuwa limejaa mpaka watu wananing'inia madirishani kama popo, na mimi, Mwislamu pekee kwenye benchi lile, nilipoisikia sentensi ile nikaanza kujigeuzageuza. Nikakunja miguu, nikaikunjua, nikavua kofia, nikaivaa. Mzee wa pembeni yangu akaninong'oneza, "Vipi ndugu, umekalia siafu?" Nikamjibu, "Nimekalia sentensi." Hakunielewa, naye alikuwa na haki ya kutonielewa. Baada ya mazishi, tukiwa uani na sahani za wali na maharage, Naomi, mjane wa Elia, akaniita kwenye mkeka wake. "Shemeji Athumani, umesikia? Mwaka ule wote wameumaliza kwa pumzi moja." Nikamwambia nimesikia. "Basi wewe uliyesoma shule ya usiku mpaka ukahitimu," akasema, "andika. Au cheti kile ulikitundika ukutani kuficha ufa?"

Nami naandika, kwa kuwa tangu siku ile kitanda kimenishinda. Nitaandika mwaka mmoja tu. Nani alinizaa na nani alinifuatia ziwa, hayo waulizeni wakwe zangu, wanayajua kuliko mimi. Mwaka huo nilikuwa kijana wa kuhudumia meza katika hoteli ya Memsahibu, mjane wa Kiingereza mwenye kengele ya shaba, mbwa wawili na hasira ya kutosha wilaya nzima. Wazungu walipanda kutoka Tanga na mashamba ya mkonge kufuata baridi yetu ya Usambara, na wakishaifikia wanaagiza kuni ili kuifukuza. Chumba cha kulia kilikuwa na pembe za wanyama ukutani, zulia lililokuwa laini kuliko godoro langu, na harufu ya supu ya liki ambayo hata leo ikinipata mahali popote najikuta nimesimama wima. Tulivaa makoti meupe, vifungo mpaka kooni, na dobi aliyatia wanga mpaka yakakauka kama mbao. Wallahi, nikilivua langu lilibaki limesimama peke yake chumbani likiniangalia. Na sisi sote tulikuwa na jina moja: Boi. Mimi boi, dobi boi, mpishi boi. Mzee Zakaria, mkubwa wetu, mzee wa kanisa mwenye mvi na sauti ya kuongoza nyimbo, naye boi. Memsahibu akipaza sauti "Boi!" tulikurupuka wote kwa pamoja, tunagongana mlangoni, na supu nyingi ya Waingereza iliishia kwenye zulia kwa sababu hiyo.

Shule yetu iliitwa ya usiku, lakini sisi wa hoteli tulisoma mchana, kati ya kuondoa vyombo vya chakula na kupanga vikombe vya chai, maana usiku ulikuwa mali ya Wazungu na pudini yao. Tulisomea ndani ya ghala la mboga karibu na soko, tumekalia masanduku ya kabichi yanayosubiri lori. Mwalimu Kaniki, kijana mwembamba aliyefundisha shule ya msingi, alitufundisha Kiingereza huku akimenya karoti kwa meno. Vitabu hatukuwa navyo. Tulikuwa na magazeti, na magazeti yalikuwa idara yangu: wageni waliyaacha mezani, chini ya vitanda, mara nyingine chooni, nami nilikusanya yote. Yalikuwa ya majuma mengi nyuma, na kwetu yalikuwa moto.

Humo ndimo nilimokutana na Weusi wa Amerika. Nilikuwa nikijua Amerika ni Wazungu watupu na nyumba zao ndefu. Kumbe wamo watu kama sisi, mababu zao walichukuliwa kwa nguvu, nao wana wachungaji, walimu, wanawake wenye kofia kubwa, lakini kwenye basi lazima wainuke Mzungu akitaka kukaa. Mwalimu alitusomea habari hiyo polepole, akitafsiri kila mstari, na ghala likanyamaza mpaka ukasikia kabichi zikipumua. Kisha likalipuka.

"Ngoja, Mwalimu," akasema dobi. "Amelipa nauli?"

"Amelipa."

"Nauli ileile?"

"Ileile."

"Na anainuka?"

"Anainuka, la sivyo polisi."

Dobi akakuna kichwa. "Na sisi kwenye basi la Mombo tukifika tunaambiwa tu, nyuma! Hatukai hata tukainuliwa. Hawa wenzetu wameendelea."

Tulicheka mpaka mwenye ghala akaja kuchungulia. Lakini mimi kicheko kile kilinikalia vibaya. Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa nikipita hospitali naona mlango wa Mzungu, mlango wa Mhindi na mlango wetu wa nyuma karibu na jalala, milango ambayo nilikuwa nimeipita maisha yangu yote kama mtu anavyopita miti. Sasa kila mlango uliniuliza swali. Nikawa nasoma nikitembea, nasoma nikipiga mswaki, nasoma nikimmiminia mgeni kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani na kumwagikia suruali yake. Dada mmoja wa sokoni niliyekuwa namtaka akaniambia waziwazi, "Wewe Athumani siku hizi ukiongea na mimi macho yako yako Amerika." Akaolewa na muuza vitunguu.

Ni katika miezi hiyo Memsahibu alipoajiri dereva mpya wa kupokea wageni stesheni ya Mombo, na dereva huyo akawa Elia. Mji mzima, magari machache, na kazi ikamwangukia mtu aliyemwoa Naomi, binti wa Mzee Zakaria, miezi michache nyuma. Mkwe kwetu si mtu wa mchezo. Mkwe na baba mkwe hata kupiga chafya wanaombana radhi. Jina la baba mkwe hulitaji, akiingia unasimama, na mabaya yake huyaoni hata yakiwa mbele ya pua. Siku ya kwanza Elia akaingia jikoni na masanduku ya wageni, akamkuta Mzee Zakaria, akainama mpaka kofia ikadondoka. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Onga mshi, za mchana? Nyumbani hawajambo?" Hapohapo, kabla Elia hajajibu, ikaja sauti ya Memsahibu kutoka ndani: "Boi! Boi! Una usingizi?" Na Mzee Zakaria akatoka mbio. Akatoka mbio, mbele ya mkwe wake.

Elia akageukia ukuta, akaanza kuzisoma chupa za siki kama mtu anayetafuta dawa. Mzee aliporudi, makande yake yalikuwa yamepoa kwenye sahani. Hakuyagusa. Elia naye akasema ameshiba, wakati nilimsikia tumbo linanguruma kama injini ya gari lake. Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu mtoto wa mgeni, wa kimo cha kiti, akamwambia mzee, "Boi, niokotee mpira," naye akaokota, na Elia yuko dirishani. Jioni ile Elia alinikamata nyuma ya stoo ya kuni.

"Athumani, mimi naondoka. Nitamchukua Naomi twende Dar es Salaam."

"Naomi ana mimba, mbuya, rafiki yangu. Mzee hana mwingine ila yeye."

"Najua. Lakini baba yangu akiitwa boi mbele yangu, mimi nimeitwa nani? Yeye hali mbele yangu, mimi sili mbele yake. Tunakimbiana humo ndani kama wezi wawili. Mwisho wa mwezi ukifika bado ni hivi, naondoka."

Mzee Zakaria alijua. Hakuambiwa, alijua. Alianza kuja darasani, yeye aliyekuwa akisema Kiingereza ni cha watoto, akakaa kwenye sanduku la mbele, mikono magotini, akaniambia, "Nisomee hao wa Amerika. Wamefikia wapi?"

Walikuwa wamefika mbali, na hapo ndipo tulipopotea. Mwalimu Kaniki alikuwa ameitwa Muheza kwenye mafunzo ya majuma kadhaa, ameondoka na kamusi yake, na gazeti jipya nililookota chini ya kiti cha mgeni lilikuwa na neno tusilolijua. Lilikuwa kila mahali, mpaka kwenye kichwa cha habari: boycott. Weusi wa mji mmoja wa Amerika na mabasi, na neno hilo katikati. Na ilikuwa wazi kwamba, hata kitu hicho kiwe nini, kampuni ya mabasi inalia. Tukalizunguka neno lile kama watu waliokuta nyoka kwenye kapu.

"Likate," akasema dobi. "Mwanzo wake nini?"

"Boy," nikasema. Hilo hatukuhitaji kamusi.

"Na mwisho?"

"Cott. Koti."

Mwalimu alikuwa ametufundisha, akarudia mpaka akapata kikohozi, kwamba Waingereza husema kinyumenyume: sisi kikombe cha chai, wao chai-kikombe, sisi mtu mweupe, wao mweupe-mtu. Kwa hiyo boy-cott ilijitafsiri yenyewe. "Koti la boi!" nikapiga kelele, na nina hakika walinisikia mpaka Rangwi. Zile herufi mbili za t mwishoni? Dobi akalimaliza: koti zito. Na kama kulikuwa na mtu mwenye shaka, dobi huyohuyo akauliza, "Makoti yetu ni ya kitambaa gani?" Tukajibu kwa pamoja, kwa kuwa kila mtu dukani alikiita hivyo, kitambaa kile kigumu cha pamba: "Marekani!" Basi. Ushahidi gani tena? Weusi wa Amerika, tukafasiri, wamevua makoti ya boi, hawayavai tena mpaka waheshimiwe, na Wazungu wanapata hasara. Mzee Zakaria akasema, taratibu, kama mtu anayetoa tangazo la kanisani, "Koti naweza kuvua."

Tulifanya siku ya chai ya bustanini, wageni wamejaa, walikuwa alfu nzima kwa macho yangu ya siku ile, ingawa bustani yenyewe ilibeba watu arobaini wakibanana. Tukayatundika makoti kwenye misumari ya veranda, yamepangana, yamekauka kwa wanga, kama maboi saba wasio na vichwa. Sisi tukatoka na nguo zetu. Mzee Zakaria alivaa suti yake nyeusi ya kanisani, akabeba birika la fedha kama mchungaji anayebeba kikombe cha ushirika. Tuliwahudumia vizuri kuliko siku zote. Hakuna tone lililomwagika. Kisha Memsahibu akatoka, akaita, "Boi!" Hakuna aliyegeuka. Akaita tena. Tukaendelea kumimina chai. Akanijia mimi, mdogo kuliko wote, uso umewiva kama kiazi chekundu, akaniuliza kwa Kiingereza nina uziwi? Nami, Kiingereza changu chote cha kwenye kabichi kikanipanda kichwani kwa mara moja, nikanyoosha mkono kuelekea veranda nikamwambia, "Boi yuko kwenye msumari, Memsahibu."

Mgeni mmoja mzee alicheka mpaka biskuti ikamtoka puani. Memsahibu hakucheka. Alisema asiyekuwa ndani ya koti lake kufikia Jumamosi aondoke na mzigo wake. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Tulihudumia bila makoti, naye alituelekeza kwa kijiko, haneni neno. Usingizi ulinihama. Nilikuwa natembea kutoka jikoni hadi geti, kutoka geti hadi jikoni, mpaka wale mbwa wawili wakachoka kunifuata. Mpishi akaanza kuuliza kama kuna kazi Mombo. Na Elia akaleta sanduku la nguo kutoka nyumbani kwake, akalipakia nyuma ya gari, wala hakulifunika.

Ijumaa akarudi Mwalimu Kaniki. Tukamsimulia yote ghalani, tunakatizana maneno, tunajivuna. Alitusikiliza, akaomba gazeti, akalisoma, akaketi. Kisha akaanza kucheka, akacheka akaangukia kabichi, akainuka na majani kichwani, na ghafla kicheko kikakatika. "Nani amewafundisha haya? Watauliza. Watasema Kaniki. Mimi ni mwalimu wa serikali!" Akajishika kichwa. Ndipo akatueleza. Neno lile halina koti. Halina boi. Ni kususia. Weusi wale wamesusia mabasi, hawayapandi, wanakwenda kazini kwa miguu, mvua na jua.

Dobi aliitazama mikono yake. Mimi nilitamani kuingia ndani ya sanduku na mtu anifunikie kabichi. Mzee Zakaria pekee ndiye aliyeuliza.

"Wanatembea wote?"

"Wote, baba."

"Na wazee?"

"Hata vikongwe."

"Na wenye makoti yao na wasio na makoti?"

"Makoti hayahusiki, baba."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi sisi tumefanya nusu. Tumevua koti lakini chai tumemimina." Akainuka, akapangusa suruali. "Kesho simimini."

Nimesoma mengi baada ya hapo. Nilipofika Tanga nilisoma shule ya usiku ya usiku kweli, nikahitimu, nikasoma hotuba na historia za watu wale mpaka miwani ikanenepa. Nilijifunza maneno makubwa, na nikayatumia vibaya kwenye mikutano mingi. Lakini bado najiuliza, na swali hili halinipi raha hata uzeeni, kama bila kosa letu la koti tungeanza. Kama Mwalimu angekuwepo akatutafsiria sawasawa, kwamba ni kuacha kazi, kuacha mshahara, nadhani tungesema loo, wenzetu mashujaa, tukarudi kuvaa vifungo mpaka kooni. Tuliingia kwa sababu tulidhani ni kuvua nguo tu.

Jumamosi tukakaa kwenye ukuta wa mawe mkabala na bustani, saba, tumevaa vizuri. Ndani wageni walikuwa mezani. Tuliona kila kitu. Memsahibu alibeba supu mwenyewe. Bwana shamba mmoja alikata mkate kwa mkono wake, nadhani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akakata na kitambaa cha meza. Mtoto yule wa mpira aliita boi, boi, mama yake akamziba mdomo. Elia alikuwa amesimama kando ya gari, sanduku la nguo likionekana nyuma. Mwishowe Memsahibu akatoka, akavuka nyasi, akasimama mbele yetu, nywele zimelowa mvuke.

"Zakaria," akasema.

Kumbe alikuwa akilijua! Miaka yote ile alikuwa nalo. Lakini hatukupata nafasi ya kushangaa, maana Elia, kusikia jina la baba mkwe wake limetupwa hewani hivihivi, tupu, alijiziba masikio akarukia nyuma ya gari. Mzee Zakaria akainamisha uso. Memsahibu akanigeukia mimi, karibu alie. Alitaka kujua kosa liko wapi sasa, si amemwita kwa jina lake? Nikamweleza kwa Kiingereza changu kilichovunjika kwamba yule pale ni mkwe wake, na jina la mtu mzima haliitwi hivyo mkwe akisikia. Basi amwiteje? Nikamtazama mzee. Akanyanyua uso, akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili:

"Baba Naomi."

Memsahibu alikuwa ameishi nchini muda mrefu. Alijua baba maana yake nini. Niliona neno likimpanda kooni na kushuka, kama kiazi cha moto. Nyuma yake wageni wote walikuwa wamesimama madirishani na vijiko mikononi.

"Baba Naomi," akasema. "Njoo. Tafadhali."

"Naam, mama," akajibu Mzee Zakaria, akashuka ukutani. Wengine wakamfuata. Mimi nikashuka pia, na kidole cha Memsahibu kikanisimamisha: wote, ila huyu wa msumari. Mzee akasimama palepale, akageuka kutaka kurudi ukutani, na niliona kwamba angerudi kweli. Nikamkimbilia, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. "Nenda, Mzee. Nakuomba. Mimi miguu ilishaondoka zamani, imebaki kiwiliwili tu." Akanitazama, akaniwekea kiganja kichwani, akaenda.

Elia alikuwa na wageni wa kuchukua Mombo alasiri ile, akanipakia na kifurushi changu. Sanduku lake la nguo alikuwa amelishusha, nililiona kwenye veranda, na Naomi, aliyekuja hotelini tayari kwa safari, amelikalia. Tukashuka milima, kona baada ya kona, maporomoko upande wangu, na mimi naiwaza Tanga, ninakokwenda kutafuta kazi, kwa hofu na kwa hamu. Kwenye kona moja Elia akasimamisha gari katikati ya barabara. Nilidhani limeharibika. Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka.

"Athumani."

"Naam."

"Nikirudi leo," akasema, "nitakula naye."

Akawasha gari.